Mazrui Watatu na Katalogi Moja

Mazungumzo ya leo yanahusu mtumishi wa maktaba katika kisiwa cha Mombasa na namna anavyojifunza zana mpya za mtandaoni, yaani programu na hazina za maarifa zinazofikiwa kwa intaneti, ambazo zimekuwa zikichukua nafasi ya masanduku ya kadi, daftari la kuazimia vitabu na muhuri wa tarehe. Suala hili huzungumzwa sana kwa lugha ya vifaa na vyeti: maktaba ina kompyuta ngapi, nani amepitia mafunzo gani, na nani bado. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba zana zenyewe ni sehemu nyepesi ya somo, kwa kuwa mtu aliyezoea kutuma fedha kwa simu na kujaza fomu za serikali mtandaoni hashindwi kuzitumia baada ya majuma machache. Sehemu nzito ni kuyaingiza mambo ya pwani ndani ya zana hizo kwa majina yake sahihi na kwa hati zake, kazi ambayo waliozibuni zana hizo, wakiwa New Zealand au Marekani, hawakuweza kumfanyia.

Mombasa haikuanza jana na maktaba. Mwaka 1903 kilifunguliwa mjini humo chumba cha kusomea cha umma kilichopewa jina la Seif bin Salim, nacho huhesabiwa kuwa maktaba ya kwanza ya umma katika nchi inayoitwa leo Kenya, miaka 28 kabla ya Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan kufunguliwa Nairobi mwaka 1931. Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1965, ina tawi lake katika Barabara ya Msanifu Kombo, na Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliziweka maktaba miongoni mwa shughuli za serikali za kaunti. Upande wa Mji wa Kale, Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, ina maktaba yake ya utafiti chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, taasisi ambayo pia ina kituo cha utafiti wa Kiswahili mjini humo, kijulikanacho kwa ufupi kama RISSEA. Mtu anayetafuta habari za mji wake, basi, analazimika kubisha hodi katika nyumba kadhaa zenye wenyewe mbalimbali, na hapo ndipo orodha inayosomeka mtandaoni inapoanza kuwa na maana, kwa sababu humwezesha kujua kilichomo katika kila nyumba kabla ya kutoka kwake.

Orodha hiyo, ambayo wakutubi huiita katalogi, ilikuwa na sheria zake zamani kabla ya kompyuta. Mmarekani Melvil Dewey alichapisha mwaka 1876 mpango wa kugawa maarifa yote katika mafungu kumi yenye nambari kuanzia 000 hadi 999, ambao mpaka leo ndio unaozipanga rafu za maktaba nyingi za Afrika Mashariki: fasihi ya Kiswahili hukaa katika 896.392, na historia ya Kenya katika 967.62. Mpango huo una mapendeleo yake. Katika fungu la dini, nambari kuanzia 220 hadi 289 zimepewa Biblia na Ukristo, na Uislamu wote, pamoja na tafsiri, fiqhi, maulidi na historia ya masheikh, umebanwa katika nambari moja, 297, jambo ambalo kwa maktaba ya mji wenye misikiti kila baada ya vichochoro viwili huzaa nambari ndefu zenye desimali zisizoenea vizuri kwenye uti wa kitabu. Mtumishi wa Mombasa amekuwa akiishi na ubanaji huo kwa miaka mingi, na huenda ndiyo maana hashtuki anapokuta zana mpya nazo zimekatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Njia ya zana hizo kufika ilipita mlangoni pake. Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano ya intaneti ya Kenya na dunia ya nje yalitegemea setilaiti, ambazo zilikuwa ghali na za polepole. Mwaka huo nyaya mbili za chini ya bahari zilifika Mombasa, ule wa TEAMS uliotokea Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu, na ule wa SEACOM, na mwaka uliofuata ukaongezeka wa EASSy. Bandari iliyopokea majahazi ya Ghuba kwa karne nyingi ikawa mlango wa kupokea data ya nchi nzima na ya majirani zake. Hata hivyo waya kupita karibu na mji hauifanyi maktaba ya mji huo iwe na intaneti ya kutosha, na wapo watumishi wa maktaba wanaonunua bando kwa fedha zao wenyewe ili wamalize somo walilolianza kazini.

Kuhusu masomo yenyewe, inafaa kukumbukwa kwamba mtindo wa kumfundisha mkutubi zana za mtandaoni akiwa kazini, kwa mazoezi mafupi anayoyafanya peke yake kwa wakati wake, ulipata umaarufu mwaka 2006, pale Helene Blowers wa maktaba ya umma ya Charlotte na Mecklenburg, North Carolina, alipotunga mpango wa mambo 23 ya kujaribu, ambao maktaba za nchi nyingi ziliuiga. Wazo lake lilikuwa jema, nalo ni kumwondolea mtumishi hofu kwa kumruhusu achezee zana bila kuogopa kukosea. Udhaifu wa mtindo huo uko katika hesabu yake: anayehesabu zana alizozigusa huweza kufika mwisho wa orodha bila kuacha chochote ndani ya zana hata moja, na baada ya miaka michache baadhi ya zana zile huwa zimekwisha kufungwa na wenyewe. Barani Afrika, AfLIA, jumuiya ya vyama na taasisi za maktaba yenye makao yake Accra, imeandaa mafunzo yanayoelekea upande mwingine kidogo, yakiwemo ya kuwafundisha wakutubi kuhariri Wikipedia. Na kampeni ya kimataifa iliyoanza mwaka 2016, ambamo kila mkutubi huombwa aongeze angalau rejeo moja katika makala moja, humpa mtumishi kazi ndogo ambayo matokeo yake yanabaki. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na mtumishi mwenye rafu nzima ya vitabu vya historia ya pwani nyuma ya kiti chake ana marejeo ambayo wahariri wengi wa mbali hawana.

Zana ya kwanza ambayo mtumishi hukutana nayo kwa kawaida ni mfumo wa kuendeshea maktaba, yaani programu inayoshika kwa pamoja katalogi, orodha ya wanachama, uazimaji na faini. Unaotumiwa sana katika vyuo vikuu vya Kenya ni Koha, uliotengenezwa kwa ajili ya maktaba ya wilaya moja ya New Zealand na kuanza kazi Januari 2000. Nao ni programu huria, maana yake kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuusoma ulivyoandikwa ndani na kuubadili bila kulipia leseni. Nyuma ya skrini yake kuna MARC, kanuni ya kuandika maelezo ya kitabu ili kompyuta iyasome, ambayo msingi wake uliwekwa katika miaka ya 1960 na Henriette Avram wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Katika MARC kila habari ina chumba chake chenye nambari: mwandishi huwekwa chumba cha 100, anwani ya kitabu 245, na mada 650. Mtumishi aliyekulia kwenye kadi huielewa kanuni hii upesi kuliko kijana aliyekulia kwenye simu, kwa kuwa kadi nayo ilikuwa na mstari wa mwandishi, wa anwani na wa mada. Ni jambo linalostahili kusemwa kwa sauti, maana katika ofisi nyingi wazee hutangulia kudhaniwa kuwa ndio watakaoshindwa.

Ugumu huanzia chumba cha 100. Katika rafu za Mombasa wapo Mazrui watatu ambao mgeni huwachanganya bila shida. Wa kwanza ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, Kadhi Mkuu wa Kenya, aliyetoa mjini Mombasa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na aliyeandika kwa Kiarabu historia ya watawala wa ukoo wake, ambayo ilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Wa pili ni mwanawe, Profesa Ali Al'amin Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, mtaalamu wa siasa aliyejulikana duniani kwa kipindi chake cha televisheni cha mwaka 1986 juu ya urithi wa Afrika wa namna tatu, ambaye alifariki Marekani mwaka 2014 na kurudishwa kuzikwa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus. Wa tatu ni Alamin Mazrui, mwanaisimu aliyezaliwa mwaka 1948, mtunzi wa tamthilia ya Kilio cha Haki na diwani ya Chembe cha Moyo. Majina Ali na Alamin yanapishana ndani ya ukoo mmoja kama ilivyo desturi ya kurithisha majina ya mababu, na tahajia nazo hubadilika kutoka jalada hadi jalada: Mazrui, Mazru'i, al-Mazrui, na katika vitabu vya Kizungu pamoja na vistari na alama juu na chini ya herufi.

Kompyuta haijui ukoo. Ikipewa tahajia nne huhesabu watu wanne, na ikipewa tahajia moja kwa watu watatu humrundikia mmoja vitabu vyote, ikamfanya kadhi aliyefariki mwaka 1947 kuwa mtunzi wa tamthilia ya mwaka 1981. Dawa yake ni ile ambayo wakutubi wameitumia tangu zama za kadi, nayo ni faili la majina sanifu, yaani rekodi ya pekee kwa kila mwandishi inayotaja sura moja ya jina lake iliyokubaliwa, miaka yake ya kuzaliwa na kufa, na sura nyingine zote ambazo msomaji anaweza kuzitumia kumtafutia. Siku hizi mafaili ya maktaba za taifa za nchi nyingi yameunganishwa mtandaoni katika hifadhi iitwayo VIAF, na kando yake ipo Wikidata, hazina huria iliyoanzishwa mwaka 2012, ambamo kila mtu, mahali au kitabu hupewa nambari yake ya kudumu isiyotegemea tahajia wala lugha. Kuingia katika mpango wa majina wa Maktaba ya Bunge la Marekani kunahitaji mafunzo na makubaliano ya kitaasisi, lakini Wikidata humpokea yeyote mwenye kivinjari na ushahidi, na kwa hiyo ndiyo zana ambayo, kwa maoni ya mazungumzo haya, ingepaswa kuja mapema katika ratiba ya mafunzo ya mtumishi wa Mombasa, mahali ambapo mara nyingi huwekwa masomo ya mitandao ya kijamii.

Mfano wa washairi unaonyesha hilo vizuri zaidi. Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake ya Malenga wa Mvita ilitoka mwaka 1971, alikuwa amechapishiwa mashairi Marekani mwaka 1966 katika kitabu chenye tafsiri za Lyndon Harries. Jalada moja linamtanguliza kwa jina la Nassir, jingine kwa jina la Bhalo. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu ambaye sauti yake ilijaza harusi za pwani nzima, ni mtu mwingine wa jamii hiyo hiyo, na miongoni mwa alizoziimba zimo tungo za Ahmad Nassir. Katalogi inayotaka kumhudumia msikilizaji wa taarabu italazimika kueleza kwamba huyu alitunga na yule akaimba, na MARC inao uwezo wa kueleza hivyo, lakini atakayejaza chumba hicho lazima awe anajua. Kaseti za taarabu zilizorekodiwa mjini, zikiwemo za Mbwana Radio Service ya Mji wa Kale, zilitoka aghalabu na maelezo machache kwenye karatasi ya kasha. Majina ya watunzi yalikuwa vichwani mwa wasikilizaji, na wasikilizaji hao wanazidi kupungua.

Baada ya majina huja hati. Kiswahili cha Mombasa kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu kabla ya herufi za Kirumi kutawala, na sehemu kubwa ya mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi kiasi cha mwaka 1840, ilihifadhika kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika kwa hati hiyo, akishirikiana na mmisionari wa Kiingereza William Taylor. Karatasi za Taylor ziko London, katika maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, na hati za Kiswahili za chuo hicho zimeorodheshwa mtandaoni, baadhi zikiwa na picha zake. Huko Lamu, hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na picha hizo ziliwekwa mtandaoni. Jambo hili linampa mtumishi wa Mombasa uwezo ambao waliomtangulia hawakuwa nao: mwanafunzi wa sekondari akija kuulizia Muyaka, anaweza kuonyeshwa mashairi yake katika toleo lililohaririwa na Hichens mwaka 1940 na kitabu cha Mohamed Abdulaziz cha mwaka 1979 kwenye rafu, kisha maelezo ya hati zenyewe kwenye skrini.

Lakini maelezo hayo yaliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya mtafiti aliyeko London, na mwanafunzi anayeandika neno la Kiswahili katika kisanduku cha kutafutia anaweza kutoka mikono mitupu. Hapa MARC ina chumba kisichojulikana sana, cha 880, ambacho huruhusu anwani ile ile iandikwe mara mbili katika rekodi moja, kwa herufi za Kirumi na kwa herufi za Kiarabu, ili msomaji wa hati yoyote aifikie. Kukijaza kunataka mtu anayesoma hati ya Kiswahili, ambayo haisomeki kwa kujua Kiarabu peke yake: waandishi wa zamani walitumia herufi moja kwa sauti kadhaa, na Kimvita kina tofauti ya t ya meno na t ya ufizi ambayo hata maandishi ya Kirumi ya leo hayaionyeshi. Sheikh Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mombasa aliyefundisha SOAS, pamoja na P. J. L. Frankl, walichapisha mwaka 1997 pendekezo la kuiandika lugha ya Mombasa kwa herufi za Kiarabu bila utata huo, na pendekezo lao lingefaa kuwekwa mezani pa kila anayeorodhesha hati za mji huu. Programu za kompyuta zinazosoma maandishi katika picha zimefundishwa kwa kurasa nyingi za Kiarabu kilichopigwa chapa. Zikipewa daftari la Kiswahili lililoandikwa kwa kalamu ya mwanzi, hutoa mfululizo wa herufi ambao si Kiarabu wala si Kiswahili.

Sheria nayo ni sehemu ya somo, ingawa mara nyingi hupitiwa kwa haraka mwishoni. Hakimiliki nchini Kenya hudumu katika uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo makala alizoziandika Sheikh Al-Amin katika magazeti yake zilikwisha kuwa huru kuanzia mwisho wa mwaka 1997 na maktaba inaweza kuziweka mtandaoni, ilhali vitabu vya mwanawe vitabaki kulindwa kwa miongo kadhaa ijayo, na tafsiri ya mwaka 1995 ya historia ya ukoo ina hakimiliki yake yenyewe, hata kama asili yake ya Kiarabu haina. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inagusa upande mwingine: orodha ya vitabu alivyoazima mwanachama ni habari zake binafsi, na mfumo unaoihifadhi milele kwa sababu hakuna aliyeuelekeza kuifuta unaiingiza maktaba katika matatizo. Sheria haigusi kila kitu. Daftari la falaki au la tiba lililomo katika kabati la nyumba moja ya Mji wa Kale linaweza kuwa limetoka nje ya hakimiliki tangu zamani na bado likawa amana ya familia, na mtumishi anayekwenda na skana bila idhini ya wenyewe hatafunguliwa mlango mara ya pili, wala jirani zao hawatamfungulia.

Yako pia mambo ya gharama. Majarida ya kitaaluma hulipiwa kila mwaka, na vyuo vya Kenya vilijiunga katika KLISC, ushirika wa maktaba ulioanzishwa mwaka 2003, ili kugawana mzigo huo; malipo yakikatika, milango hufungwa siku hiyo hiyo, tofauti na gazeti la karatasi ambalo toleo lililokwisha kununuliwa hubaki rafuni. Zana huria hazina ada ya leseni, ila zina gharama ya seva, yaani kompyuta inayohifadhi mfumo, ya umeme wa akiba stima ikipotea, na ya mtu wa kutunza nakala ya pili ya katalogi mahali pengine.

Mafunzo yanayoufaa mji huu, basi, yangempa mtumishi asubuhi moja ya Koha na Wikidata, na alasiri moja pamoja na mwalimu wa hati, mzee au kijana, anayesoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu na anayejua koo za mji. Na yangemdai mwishoni rekodi tatu zilizokamilika, moja ya kitabu, moja ya kaseti na moja ya hati, kila moja ikiwa na jina sanifu la mwenyewe. Bajeti yake italazimika kuwa na kifungu cha posho ya mwalimu wa hati, karibu na kifungu cha bando na cha matengenezo ya skana, na posho hiyo isiwe ndogo kuliko ya fundi wa kompyuta.